Lutumba Simaro, mtunzi aliyewaachia wengine maikro

Kwa zaidi ya miaka 50, Wakongomani walicheza na kulia kwa nyimbo za mtu ambaye hakuwa mwimbaji. Lutumba Simaro Massiya, aliyefariki mjini Paris, Ufaransa, tarehe 30 mwezi wa tatu 2019, alitunga nyimbo kisha akawapa watu wengine waziimbe. Kutoka Kinshasa hadi Kisangani kuna wazee kwa vijana wanaozijua nyimbo hizo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini ukiwauliza ni za nani, wengi watakutajia jina la yule aliyeimba.

Hiyo ndiyo habari ya maisha yake. Simaro alikuwa mpiga gitaa katika orkestra iliyopata jina kubwa kuliko zote nchini, OK Jazz ya Franco Luambo Makiadi. Alipanda jukwaani, ndiyo, lakini alisimama nyuma na gitaa lake la ritimi. Maneno yake yalitoka vinywani mwa wengine: Sam Mangwana, Carlyto Lassa, Malage de Lugendo na waimbaji wengine waliomfuata kwa miaka mingi. Hata alipofikia kutoa diski kwa jina lake mwenyewe, bado alitafuta sauti ya mtu mwingine.

Wimbo wa mto

Kwa watu wa Yangambi, katika teritware ya Isangi, jimbo la Tshopo, jina la Simaro linaweza kuanzia mtoni. Yangambi iko ukingo wa kulia wa mto Kongo, kiasi cha kilomita 100 magharibi mwa Kisangani. Ulimwengu unaijua kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo, kilichoanzishwa na Wabelgiji kwa jina la INEAC katika mwaka wa 1933 na ambacho leo ni INERA. Wakaaji wake wanaijua kwa mto. Kila bateau iliyopanda kutoka Kinshasa kwenda Kisangani, safari ya zaidi ya kilomita 1,700, ilipita mbele ya macho yao.

Mabateau hayo yalibeba chumvi, sabuni, nguo, barua na watu. Yalibeba pia muziki. Diski mpya iliyotoka Kinshasa ilifika bandari kwa bandari, mikononi mwa wafanyabiashara na wasafiri, na redio ya taifa, La Voix du Zaïre, ilifika hata pale ambapo bateau ilikuwa haijatia nanga. Kisangani na vijiji vya mtoni ni mahali ambapo Kiswahili na Kilingala vinakutana sokoni na nyumbani. Kwa hiyo nyimbo za Kilingala hazikuwa za wageni. Watu walizisikia na kuzielewa.

Mwaka wa 1973 OK Jazz ilitoa wimbo unaoitwa Ebale ya Zaïre, yaani mto Zaïre. Miaka miwili mbele, Rais Mobutu alikuwa amebadilisha jina la nchi na la mto, vyote viwili vikaitwa Zaïre. Mtu angeweza kufikiri kwamba wimbo wenye jina hilo ni wa kusifu utawala, kama nyimbo nyingi za siku zile. Lakini Simaro aliutumia mto kusema habari ya mapenzi na ya kutengana. Kwa mtu aliyewahi kusimama kwenye ukingo akimwona mpendwa wake akipotea na bateau, hakukuwa na haja ya maelezo mengine.

Aliyeuimba ni Sam Mangwana. Na tangu siku ile, kwa wasikilizaji wengi, wimbo ukawa wa Mangwana.

Kijana wa Léopoldville

Simaro alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tatu 1938, mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Majina yake kamili yalikuwa Simon Lutumba Ndomanueno. Jina la Simaro Massiya, lililokuja kuandikwa kwenye diski, ndilo lililomfanya ajulikane na watu wote, pamoja na lile la utani walilompa wapenzi wake: Le Poète, mshairi.

Alikua katika mji uliokuwa ukifurika muziki. Baada ya vita vya pili vya dunia, wafanyabiashara Wagiriki walifungua nyumba za kurekodi diski Léopoldville, kama vile Ngoma na Loningisa. Diski za rumba kutoka Cuba zilikuwa zikisikika kila mahali, na vijana wa mji walikuwa wakizigeuza kuwa kitu chao, kwa Kilingala na kwa gitaa. Kufikia miaka ya 1950, kijana mwenye gitaa alikuwa na heshima katika mtaa, hata kama baba yake alimtaka awe karani.

Simaro aliingia katika kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Alianza na Micra Jazz, kisha akaenda Congo Jazz, orkestra ya mwimbaji Gérard Madiata. Hapo alijifunza kazi ya gitaa la ritimi. Ni kazi ya kubeba wimbo bila kuonekana. Gitaa la solo ndilo linalopigiwa makofi. La ritimi ndilo linalowafanya wengine wasipotee. Wanamuziki wenyewe wanajua kwamba ritimi ikikosea, hata mwimbaji bora anaanguka. Lakini ikienda sawa hakuna anayeisifu.

Mwaka wa 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, aliingia OK Jazz. Orkestra hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1956, na Franco alikuwa amekuwa mkubwa wake. Wawili hao walikuwa rika: Franco alizaliwa mwezi wa saba 1938, yaani Simaro alimtangulia kwa miezi michache tu. Walikaa pamoja miaka 28, hadi kifo kilipowatenganisha.

Kutunga bila kuimba

Ndani ya OK Jazz kazi ziligawanywa. Kulikuwa na waimbaji wengi, wapiga gitaa wengi, wapiga saksofoni na tarumbeta. Kila mmoja aliyekuwa na uwezo wa kutunga aliweza kuleta wimbo wake. Franco mwenyewe alikuwa mtunzi mkubwa, na alikuwa na kila kitu mikononi: orkestra, gitaa la solo, sauti, na kwa miaka mingi nyumba zake za kutoa diski.

Nyimbo za Franco zilikuwa nyimbo za mtaa. Alizungumza na wanaume na wanawake juu ya nyumba zao, wivu wao, madeni yao, na mara nyingine aligusa viongozi mpaka akajiletea matata. Simaro alipita njia nyingine. Alipenda mafumbo. Alizungumza juu ya kifo, pesa, urafiki uliovunjika, mapenzi yasiyolipwa, na mtu aliyebaki peke yake. Wasikilizaji walizoea kusema kwamba wimbo wa Simaro unasikilizwa kwanza ukiwa umeketi, kisha ndipo unainuka kucheza.

Kwa vile hakuwa mwimbaji, kila wimbo ulimwekea swali ambalo Franco hakuwa nalo: nani atausema? Sauti mbaya ingeweza kuua wimbo mzuri. Sauti nzuri isiyofaa maneno yale ingeweza kuupeleka mahali pengine. Hivyo sehemu kubwa ya kazi ya Simaro ilikuwa ni kusikiliza watu. Alipaswa kujua sauti ipi inaweza kubeba majonzi bila kuyafanya kuwa kelele, na mwimbaji yupi anaweza kutamka neno kwa utulivu hadi mtu wa nganda aliyeshika chupa yake ya bia aisikie na kunyamaza.

Mwaka wa 1972 sauti ya namna hiyo ilimjia. Sam Mangwana, mtoto wa wazazi kutoka Angola aliyezaliwa Kinshasa, alikuwa ameimba upande wa Tabu Ley, mpinzani mkubwa wa Franco. Aliposhuka upande wa OK Jazz, mji mzima ulizungumza. Katika Kinshasa ya wakati ule, kuhama kutoka kwa Tabu Ley kwenda kwa Franco ilikuwa kama mchezaji wa Vita Club kuvaa jezi ya wapinzani wake Jumapili ya pili.

Simaro alimwandikia Mangwana nyimbo zilizobaki. Baada ya Ebale ya Zaïre kulikuja Mabele mwaka wa 1974. Ulikuwa mwaka wa pigano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa, mwaka wa sherehe kubwa ya muziki iliyoleta wasanii kutoka Marekani, mwaka ambao nchi ilijiona iko juu ya dunia. Katikati ya shangwe hizo, Simaro alileta wimbo ambao jina lake maana yake ni udongo. Wimbo huo unamkumbusha mwanadamu mahali anapotoka na mahali anaporudi. Haukuwa wimbo wa sikukuu, lakini ulipendwa kupita nyimbo nyingi za sikukuu, na hadi leo unapigwa kwenye matanga.

Mangwana hakukaa sana. Katikati ya miaka ya 1970 aliondoka, na mwaka wa 1978 alikuwa Abidjan akianzisha African All Stars. Alikwenda na sauti yake, na pia na sifa. Mahali popote alipofika Afrika Magharibi au Afrika Mashariki, watu walimwomba nyimbo ambazo Simaro ndiye aliyezitunga.

Simaro alibaki Kinshasa na gitaa lake. Aliendelea kutunga: Kadima, Mbongo, yaani pesa, na nyingine nyingi. Waimbaji walikuja na kwenda, na yeye alikuwa pale, akimngoja mwingine.

Maya, diski ya jina lake

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo ya OK Jazz yalikuwa yamebadilika. Orkestra ilikuwa sasa ikiitwa T.P. O.K. Jazz, Tout Puissant, na ilikuwa na wanamuziki wengi kiasi kwamba iliweza kugawanyika mara mbili. Franco alikuwa akikaa muda mrefu Ulaya pamoja na kikosi kimoja, akirekodi Brussels na Paris. Kikosi kingine kilibaki Kinshasa, na aliyekiangalia ni Simaro, msaidizi wa Franco katika uongozi.

Katika kipindi hicho, mwaka wa 1984, ndipo Simaro alipotoa Maya.

Lilikuwa jambo kubwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba diski ilibeba jina lake mbele. Kwa miaka zaidi ya 20, nyimbo zake zilitoka chini ya kivuli cha Franco. Mnunuzi aliona picha ya Franco, jina la orkestra, na jina la mtunzi kwa herufi ndogo. Sasa Le Poète alisimama mwenyewe, na wanamuziki walikuwa wageni katika nyumba yake.

Ya pili ni chaguo la sauti. OK Jazz haikukosa waimbaji wakongwe. Simaro angeweza kumchukua yeyote kati yao na hakuna ambaye angeshangaa. Badala yake alimpa Carlyto Lassa wimbo mkuu, kijana ambaye wapenzi wa OK Jazz walikuwa bado hawajaizoea sauti yake. Ilikuwa hatari. Mtu anayetoa diski ya jina lake baada ya kungoja miaka mingi kwa kawaida hujikinga kwa majina makubwa. Simaro aliamini masikio yake.

Maya ni jina la mwanamke, na wimbo ni wa mapenzi yenye majonzi. Carlyto aliuimba kama mtu asiye na haraka, kila neno mahali pake, na gitaa za OK Jazz zikiwa chini yake. Wimbo ulivuma Zaïre nzima na ng'ambo ya mto, Brazzaville. Carlyto akawa nyota. Muda si mrefu, orkestra nyingine za Kinshasa zilikuwa zikimtafuta, na alikwenda kuimba na Choc Stars.

Mambo yale yale yaliyotokea kwa Mangwana yalitokea tena. Simaro alitunga, akachagua, akafundisha; mwimbaji akapata mabawa na kuruka. Tofauti ilikuwa kwamba mara hii jina la mtunzi lilikuwa kwenye kasha la diski kwa herufi kubwa, na aliyetaka kulisoma aliweza kulisoma.

Kwa wanamuziki wa Kinshasa, Maya ilikuwa na somo. Katika mji huo, mwanamuziki wa orkestra anayekwenda kurekodi pembeni anaitwa mtu wa nzonzing, na mara nyingi mkubwa wake hapendi. Maya ilionyesha kwamba mtunzi asiyeimba anaweza kuwa na diski yake, kuita sauti anayoitaka, kukusanya wapiga vyombo, na watu wakanunua kwa sababu ya utunzi. Haikuwa kawaida. Mashabiki wa Kongo walizoea kununua sauti, ngoma, mavazi na ugomvi wa wakubwa wa orkestra. Kununua diski kwa sababu ya mtu aliyeandika maneno lilikuwa jambo jipya.

Baadaye alirudia njia hiyo. Katikati ya miaka ya 1980 alitunga Testament ya Bowule, wosia wa Bowule, na mara hii alimpa Malage de Lugendo. Ni wimbo wa mtu anayeacha maneno ya mwisho kwa walio hai. Katika nchi ambapo kifo cha baba mara nyingi kinafungua vita vya ndugu juu ya nyumba, shamba na hata vyombo vya jikoni, neno wosia peke yake lilitosha kumfanya mtu aongeze sauti ya redio. Wimbo huo ulimfanya Malage ajulikane, kama vile Maya ilivyomfanya Carlyto.

Urithi wa Franco

Swali la urithi halikukaa katika wimbo tu. Tarehe 12 mwezi wa kumi 1989, Franco alifariki Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Serikali ya Zaïre ilitangaza siku nne za maombolezo. Maelfu ya watu walijaa barabara za Kinshasa kumsindikiza. Orkestra yake ilibaki mikononi mwa Simaro.

Haikuwa kazi rahisi. OK Jazz ilikuwa na wanamuziki wengi wenye majina, kila mmoja na wapenzi wake, na aliyewaunganisha alikuwa hayupo. Nchi yenyewe ilikuwa ikianguka. Mwaka wa 1991 na tena mwaka wa 1993, wizi mkubwa wa maduka, ambao watu wanaukumbuka kwa jina la pillage, uliharibu Kinshasa na miji mingine, Kisangani ikiwemo. Bei zilipanda kila siku. Katika hali hiyo, mwanamuziki anayeishi kwa kiingilio cha nganda anapata shida kabla ya wengine.

Juu ya hayo kulikuja mabishano na familia ya Franco juu ya orkestra na mapato yake. Nani mwenye OK Jazz? Jamaa za marehemu walikuwa na haki yao, maana jina na vyombo vilikuwa vya Franco. Wanamuziki nao walikuwa na haki yao, maana bila mikono na sauti zao jina lile ni maandishi ya ukutani tu. Hawakupatana. Mwishoni mwa mwaka wa 1993 Simaro na wenzake waliondoka, na mwanzoni mwa mwaka wa 1994 walianzisha orkestra mpya waliyoiita Bana OK, watoto wa OK. Pamoja naye walikuwa wakongwe kama Josky Kiambukuta na Ndombe Opetum.

Katika jina hilo kulikuwa na upole na ukaidi pamoja. Waliacha nyumba, lakini hawakuacha ukoo. Simaro, aliyekuwa amefikisha miaka 55, alianza upya katika umri ambao wanamuziki wengi wa Kinshasa tayari wamesahauliwa. Alitunga Trahison, yaani usaliti, na Verre Cassé, yaani glasi iliyovunjika. Majina hayo yanaonyesha mahali moyo wake ulipokuwa. Na kwa mara nyingine, waliosimama mbele ya maikro walikuwa wengine.

Wimbo ni wa nani?

Maisha ya Simaro yanaleta swali ambalo wasanii wengi wa mashariki ya Kongo, kutoka Kisangani hadi Bunia, Goma na Bukavu, wanaliishi kila siku. Anayeimba anaonekana. Watu wanamrushia pesa jukwaani. Mwenye fedha anayetaka jina lake litajwe katika wimbo anamlipa yeye. Ndiyo desturi inayoitwa mabanga. Kwenye televisheni ni uso wake unaopita. Mtunzi aliyekaa nyumbani na daftari hapati hata kimoja kati ya hivyo.

Sheria ya Kongo inajua tofauti hiyo. Sheria ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986, iliyotiwa sahihi miaka miwili baada ya Maya, inatenganisha haki ya mtunzi na haki ya anayetumbuiza. Wimbo ukipigwa redioni, katika hoteli au katika nganda, mtunzi ana fungu lake, hata kama hakuimba neno lolote. Nchi pia ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa Berne, unaotaka haki ya mtunzi ilindwe kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Simaro, hesabu hiyo inafika angalau mwisho wa mwaka wa 2069. Watoto wa wale wanaozaliwa leo watakuwa bado wanapaswa kulipa kitu kwa ajili ya Mabele.

Lakini sheria na mfuko ni mambo mawili. Ili mtunzi alipwe, lazima redio iandike ni wimbo gani ilipiga, iandike jina la mtunzi, na shirika la haki za watunzi likusanye na kugawa. Karatasi ikiandikwa jina la mwimbaji peke yake, mtunzi anapotea kwenye hesabu kama anavyopotea kwenye mazungumzo. Kosa la mtangazaji, ambalo msikilizaji analiona dogo, linakuwa pesa iliyokosa kufika nyumbani kwa mtu.

Watu wa Yangambi wanaweza kulielewa jambo hili kwa njia yao. Mwaka wa 1941, watafiti wawili wa INEAC, Beirnaert na Vanderweyen, walieleza kwamba mchikichi wa aina ya tenera, wenye nyama nyingi na kokwa nyembamba, unatokana na kuunganisha aina mbili nyingine, dura na pisifera. Kutoka hapo kilimo cha mawese kilibadilika duniani, hadi Asia. Leo mama anayekaanga samaki kwa mawese hahitaji kuyajua majina yao, na chakula chake kitakuwa kizuri vilevile. Lakini kama hakuna anayeyakumbuka majina hayo, kijana anayetaka kufanya kazi kama hiyo atajuaje kwamba inafaa?

Kwa mtunzi wa nyimbo ni vivyo hivyo. Kijana wa Yangambi au wa Kisangani aliye na maneno mazuri lakini hana sauti, anaambiwa kwamba muziki si kazi yake. Simaro alikuwa jibu kwa miaka zaidi ya 50. Hakuwa na sauti ya Mangwana wala ya Carlyto, na bado bila yeye sauti hizo zingekosa baadhi ya nyimbo zao bora.

Miaka ya mwisho

Simaro aliendelea na Bana OK hadi uzeeni. Wenzake walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Madilu System, sauti kubwa ya miaka ya mwisho ya Franco, alifariki mwaka wa 2007, na Ndombe Opetum mwaka wa 2012. Kila mazishi yalipunguza idadi ya watu walioweza kusimulia OK Jazz kama walioiishi.

Katikati ya mwezi wa tatu 2019 alitimiza miaka 81. Siku 11 baadaye alifariki Paris. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa, mji aliozaliwa, na watu walijitokeza kumlilia. Redio za nchi nzima zilipiga nyimbo zake mfululizo. Kwa wasikilizaji wengi, hasa vijana, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzisikia zote zikiwa pamoja na kutambua kwamba zilitoka kichwa kimoja: ule wa mto, ule wa udongo, ule wa Maya, ule wa wosia. Kwa muda wote walidhani ni za watu mbalimbali, kwa sababu sauti zilikuwa mbalimbali.

Miaka miwili baadaye, tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2021, UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja. Simaro hakuiona siku hiyo. Lakini sehemu ya kile kilichoandikwa katika orodha hiyo ni kazi ya mikono yake.

Mabateau yanaendelea kupita mbele ya Yangambi, machache kuliko zamani na yaliyochoka zaidi. Muziki sasa unafika kwa simu, si kwa diski. Kwenye kioo cha simu jina la mwimbaji ndilo linaloonekana kwanza, na mara nyingi ndilo peke yake. Anayetaka kujua ni nani aliyetunga Ebale ya Zaïre itabidi atafute kidogo. Akitafuta, atamkuta mpiga gitaa la ritimi aliyesimama nyuma ya wengine, aliyejua tangu mwanzo kwamba sauti yake haikutosha, na ambaye hakuacha kutunga kwa sababu hiyo.